Maji yamegeuka chai ya rangi: kusaka chuma na shaba kwenye bwawa la nyumbani

Simu huja asubuhi, mara nyingi Jumapili. "Fundi, jana jioni maji yalikuwa meupe, sarafu ikianguka chini unaiona. Tukaweka klorini, tukalala. Leo ni chai ya rangi." Kisha linakuja swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Niongeze klorini?"

Hapana, usiongeze. Natunza mabwawa ya kuogelea ya nyumbani hapa Dar es Salaam, na madoa mabaya niliyokutana nayo karibu yote yalianza kama tatizo dogo la maji. Mtu akamwaga klorini juu yake kwa nia njema, likageuka doa. Chuma na manganizi (madini mengine ya ardhini) vikiwa vimeyeyuka havionekani kwa macho. Klorini ikivikuta inavipa kutu, kama nondo iliyoachwa mvuani, na vinakuwa chembe zenye rangi. Chembe zikielea, maji yote hubadilika. Zikitua kwenye plasta, hapo ndipo doa. pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ikiwa juu, mambo huenda mbio zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, jua mambo mawili: ni madini gani, na yameingilia wapi.

Tafuta ndoo nyeupe, vidonge vyeupe vya vitamini C kutoka duka la dawa (vile vya kutafuna vyenye rangi ya chungwa havifai), kipimo cha pH, klorini na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), na karatasi za kupimia chuma na shaba. Kisha jua ujazo wa bwawa lako. Urefu mara upana mara wastani wa kina, kwa mita. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye wastani wa kina cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Hesabu zote hapa chini nitazifanya kwa bwawa hilo.

Dalili: maji yamekuwa kahawia saa chache baada ya klorini

Sababu inayoongoza kwa mbali ni chuma kwenye maji ya kisima kirefu. Ya pili ni maji ya boza au tangi lenye kutu. Ya tatu ni udongo mwekundu ulioletwa na mvua kutoka bustanini, ila huo huchafua maji hata kabla hujaweka klorini, na ukiteka glasi ukaiacha usiku kucha tope linalala chini lenyewe. Manganizi hutokea mara chache zaidi. Maji yake huelekea weusi au zambarau badala ya kahawia.

Kipimo chake ni cha ndoo, na hakigharimu chochote. Jaza ndoo nyeupe maji yale yale unayojazia bwawa, moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Tia nusu kijiko cha chai cha klorini ya unga, koroga kwa kijiti, kisha simama pale uangalie. Maji yenye chuma kingi hayachukui muda. Kwanza yanapauka kama maji yaliyooshea mchele, halafu unjano unajitokeza pembeni mwa ndoo, na baada ya dakika chache ndoo nzima ina rangi ya chai iliyokolea. Ukirudi baada ya saa kadhaa unakuta unga wa kutu umetulia chini. Maji yakibaki meupe hadi kesho yake, chanzo chako hakina hatia, tafuta kwingine.

Ndoo ikigeuka, rudia kipimo kwa maji mawili tofauti: ya kwanza kabisa yanayotoka asubuhi pampu ya kisima ikiwashwa, na mengine baada ya pampu kukimbia dakika kumi na tano. Ya kwanza yakiwa mabaya na ya pili yakawa afadhali, chuma kinatoka kwenye bomba lenyewe linalooza. Jambo hili si dogo. Uganda mwaka 2016 ilisitisha mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye visima vya pampu za mkono, kwa sababu yanaliwa na kutu na kuharibu maji ambayo ardhini yalikuwa hayana shida. Pwani yetu ina ziada yake, kwamba maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi inaharakisha kutu. Bomba likibadilishwa kuwa la plastiki tatizo linaweza kuisha. Ndoo zote mbili zikiwa sawa, chuma kimo ardhini, na kila lita utakayojaza italeta kingine.

Sasa bwawa lenyewe. Maji yakishakuwa kahawia, chuma kimeacha kuyeyuka na kinashikika. Usitie vitamini C katika hatua hii. Itakirudisha kuwa kisichoonekana, utafurahi siku mbili, kisha kitarudi. Fanya hivi:

1. Weka pH kati ya 7.4 na 7.6, washa pampu mfululizo.
2. Chukua pamba ya kujazia mito, ile ya polyesta na si sufi, uifunge ndani ya soksi ndefu na kuiweka kwenye kikapu cha skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu. Inakamata kutu kuliko mchanga wa filta. Itoe ikishakuwa rangi ya matofali, weka nyingine.
3. Tazama geji ya presha kwenye filta. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10 juu ya presha ya kawaida ya filta safi, ioshe kwa kurudisha maji nyuma.
4. Siku mbili zikipita bila nafuu, tumia shabu ya kusafishia maji. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko kwa ujazo wa bwawa lako, kiyeyushe kwenye ndoo, mwaga kuzunguka bwawa, acha pampu ichanganye kidogo kisha uizime usiku kucha. Asubuhi uchafu umelala sakafuni kama zulia. Unyonye kwa vakyumu polepole, mkono wa valvu ukiwa kwenye nafasi ya kumwaga nje, usipite kwenye filta. Ukiharakisha, zulia linainuka na unaanza upya.

Baada ya hapo usijaze tena maji ya kisima moja kwa moja. Yapitishe kwenye tangi, yaanguke kutoka juu kama mvua ili yapate hewa, tia klorini humo humo, yaache yatulie siku moja, kisha uvute maji ya juu ukiacha tope chini. Tangi la plastiki likipata doa halina hasara, plasta ya bwawa ndiyo inayogharimu.

Dalili: maji ni ya kijani, lakini sakafu unaiona vizuri

Hapa wengi wanakimbilia kuua mwani. Tofautisha kwanza. Mwani huleta ukungu, ukuta unateleza mkononi kama bamia, na klorini haikai. Pima klorini jua likizama, pima tena kabla halijachomoza. Ikishuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita bila jua wala mwogeleaji, kuna kitu hai kinaila. Ikibaki ilipo na maji yakawa kijani angavu kama chupa ya soda, ni madini.

Kijani hakidanganyi watu wa nyumbani peke yao. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 bwawa la kupigia mbizi liligeuka kijani mbele ya dunia nzima. Maelezo ya waandaaji yalikuwa kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilimwagwa kimakosa, zikaiua nguvu ya klorini, na viumbe vikapata nafasi ya kustawi. Hapo dawa za kuondoa shaba zisingesaidia kitu.

Kijani angavu chanzo chake mara nyingi ni mrututu. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba ndani yake, na wengine hununua mrututu wenyewe, yale mawe ya samawati, na kuyatupa bwawani kwa makadirio. Shaba haivukizwi na jua wala hailiwi na klorini. Ya mwezi huu inaongezwa juu ya ya mwezi uliopita. Soma lebo, na ukiona shaba au salfeti ya shaba, acha kuitumia.

Sababu ya pili ni pH ya chini inayokula shaba ya mabomba au ya hita. Angalia kama unatumia vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole. Vina asidi kali, na vikiwekwa kwenye kikapu cha skima pampu ikazimwa, maji makali yanakaa palepale. Pampu ikiwashwa, maji hayo yote yanaingia kwenye mitambo. Nyumba za Dar chache zina hita, ila wenye mabwawa ya Nairobi na Arusha, kwenye baridi, wana sababu ya kulitazama hili kwa makini. Chuma nacho kinaweza kuyapa maji ukijani hafifu, ndiyo maana unahitaji karatasi za kupimia na si macho.

Shaba ikizidi miligramu 0.3 kwa lita, rudisha pH kati ya 7.2 na 7.4, tia dawa ya kufunga madini, na punguza maji kidogo kidogo huku ukijaza maji uliyoyapima. Dawa ya kufunga madini haiyatoi madini majini, inayashika tu yasitue ukutani. Kuyatoa kabisa ni kumwaga maji na kujaza mengine.

Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu kwa nini nywele za binti yake zilikuwa na ukijani tangu likizo, akidhani klorini imemuunguza. Ilikuwa shaba. Hushika nywele, na huonekana zaidi kwenye zile zilizopakwa rangi nyepesi. Tulipopima, shaba ilikuwa juu sana, na stoo kulikuwa na madumu matatu ya dawa ya mwani.

Dalili: madoa ya kahawia kwenye plasta au vigae

Angalia umbo kabla ya rangi. Doa lililosambaa kama kivuli sakafuni au ngazini linatoka majini. Doa dogo lenye kiini, lililochora msitari kushuka ukutani, linatoka mahali pale pale lilipo.

Kwa lililosambaa, shika kidonge cha vitamini C, kibane juu ya doa chini ya maji kwa sekunde thelathini hadi dakika moja, kisha uondoe mkono. Ikiwa ni chuma, unaona duara jeupe lenye ukubwa wa kidonge, limekatwa safi kabisa katikati ya ukahawia. Mwenye bwawa akishaona duara hilo huwa haulizi tena kama tatizo ni chuma.

Kidonge kisipofanya kitu, jaribu chembe chache za klorini ya unga ndani ya soksi juu ya doa. Likipauka, lilikuwa la mimea. Zambarau zikianguka bwawani huacha madoa yanayotisha, majani ya mwembe na mkungu pia. Hayo huisha kwa klorini ya kawaida na brashi. Kwenye bwawa lililovikwa plastiki au faibaglasi usijaribu hivyo, klorini itachubua rangi ya bwawa lenyewe.

Ikiwa kidonge kimefanya kazi, bwawa zima linatibiwa kwa vitamini C ya unga. Wakati wa matibabu haya asiogelee mtu, kwa sababu maji hayatakuwa na kinga.

Acha klorini ishuke hadi karibu na sifuri. Weka pH 7.2, alkalini isiwe chini ya miligramu 80 kwa lita. Tumia takriban gramu 12 za vitamini C kwa kila mita ya ujazo. Kwa bwawa letu la mfano ni karibu gramu 600. Nyunyiza juu ya sehemu zenye doa, pampu ikiwa inazungusha maji. Madoa mengi huanza kuondoka ndani ya saa moja, mengine yanataka siku. Yakishaondoka, chuma kimerudi majini, kwa hiyo siku hiyo hiyo tia dawa ya kufunga madini kwa kipimo cha lebo na uache pampu ikimbie saa 24.

Kurudisha klorini ndiko kunakowashinda wengi. Vitamini C inakula klorini, kwa hiyo dozi za kwanza zitapotea kana kwamba hukuweka kitu. Usikasirike ukamwaga ndoo. Weka kidogo, pima, weka tena kesho, ukae karibu na miligramu 1 kwa lita kwa wiki mbili hivi. Niliwahi kukosa subira hiyo kwenye bwawa moja la Kigamboni, nikamwaga kilo mbili jioni moja, na asubuhi madoa yote yalikuwa yamerudi mahali pake, ngazi kwa ngazi.

Kwa doa lenye kiini, tafuta kitu: pini ya nywele, msumari, kipande cha waya wa kufungia nondo, mguu wa kiti cha bustani. Kiondoe, sugua na vitamini C, umemaliza. Usipopata kitu, na doa likarudi pale pale kila unapolisafisha, huenda ni nondo ya zege iliyo karibu mno na uso, inayooza ndani. Simama hapo. Nondo ikipata kutu hutanuka na kupasua zege. Usichokonoe kwa patasi wala kuziba kwa saruji juu juu. Mwite fundi ujenzi anayejua mabwawa, akate, asafishe na kuziba inavyostahili.

Dalili: madoa meusi, zambarau au ya samawati iliyoiva

Samawati na kijani cha bahari ni shaba. Nyeusi inaweza kuwa shaba au manganizi, na zambarau ni manganizi mara nyingi. Kabla ya yote piga brashi ngumu. Kikiwa mwani mweusi utabanduka vipande na kuacha mizizi, doa halibanduki.

Vitamini C haina nguvu sana kwa shaba. Jaribu chumvi ya ndimu kwenye soksi, ikae juu ya doa dakika kumi. Likipungua, shusha pH polepole hadi 7.2, tia dawa ya kufunga madini iliyoandikwa kuwa inashika shaba, na uwe mvumilivu. Kwa manganizi, jihadhari na kipimo chako pia, maana manganizi iliyokwisha kupata kutu hufanya kipimo cha klorini kisome juu kuliko ukweli, unadhani bwawa lina klorini kumbe halina.

Madoa ya shaba yaliyokaa miaka huenda yasitoke kwa njia hizi. Kinachobaki ni kumwaga maji yote na kuosha plasta kwa asidi, na hiyo si kazi ya mwenye nyumba. Mvuke wake unachoma mapafu, na plasta ikiliwa kupita kiasi hairudi.

Dalili: yalitoka, yamerudi

Dawa ya kufunga madini huvunjwavunjwa na klorini na jua, kwa hiyo inahitaji kuongezwa kila baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Wengi huitia mara moja na kuisahau. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni pH inayopanda taratibu, hasa kwenye mabwawa ya chumvi yanayojitengenezea klorini. Ya tatu watu hawaifikirii, nayo ni maji ya kujazilizia.

Fanya hesabu na mimi. Bwawa letu lina uso wa mita za mraba 32. Tuseme jua na upepo vinavukiza milimita 5 kwa siku. Hizo ni lita 160 kila siku, lita 4,800 kwa mwezi. Maji yanapanda hewani, chuma kinabaki. Ikiwa maji ya kujazilizia yana miligramu 1 ya chuma kwa lita, kila mwezi unaongeza gramu 4.8, sawa na miligramu 0.1 kwa kila lita ya bwawa. Miezi mitatu, uko 0.3, na madoa yana ruhusa ya kuanza. Funika bwawa usiku, jazilizia kwa maji ya mvua ya bati safi au maji uliyoyatuliza kwenye tangi.

Ngazi za chuma cha pua nazo zikaguliwe pale zinapoingia kwenye zege. Zikionyesha kutu, na pia taa ya chini ya maji ikiwa na kutu kwenye pete yake au ukahisi mwasho wowote wa umeme ukigusa maji au ngazi, watoe watu wote majini, zima umeme kwenye swichi kuu, mwite fundi umeme. Usiifungue taa mwenyewe.

Mahali pengine pa kusimama

Usichanganye asidi na klorini, hata kwa ndoo iliyobaki na tone tu. Gesi inayotoka inaua. Usichanganye klorini ya unga na vidonge vya klorini, hata kijiko kimoja kwa vyote viwili, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi ndiyo inayomwagwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi.

Usimwage bwawa zima wakati wa masika wala mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kama nyumba nyingi za kando ya bahari. Bwawa tupu husukumwa na maji yaliyo chini yake, likapasuka au kuinuka lote. Punguza sehemu, labda robo, ujaze, upime, urudie wiki inayofuata. Ikibidi limwagwe lote, aje mtu wa kuangalia kwanza maji ya ardhini yako kina gani.

Ukimwita fundi, mpe vipimo vya pH, klorini, alkalini, chuma na shaba, orodha ya kila dawa iliyoingia mwezi uliopita, na chupa mbili za maji, moja ya bwawa na moja ya chanzo. Fundi akifika na dumu mkononi bila kuuliza lolote kati ya hayo, mwambie apime kwanza.